Kupima kimo cha maji Manafwa: kihisi cha kutuma meseji au geji ya kusoma kwa macho?

katibu_mpunga (Butaleja)

Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga huku Butaleja, mashariki mwa Uganda, kando ya mto Manafwa. Hatumo ndani ya skimu ya umwagiliaji ya Doho. Tuko pembeni, tunachepusha maji kwa mfereji tuliouchimba wenyewe kwa majembe. Shida zetu ni mbili, na zote mbili zinatokana na kutojua maji yamefika wapi.

Ya kwanza ni mafuriko. Mvua inanyesha kule Bududa, mlima Elgon, huku kwetu jua linawaka na watu wako shambani wanapalilia, halafu usiku maji yanaingia. Msimu uliopita tulipoteza kitalu chote cha miche pamoja na magunia ya mbolea yaliyokuwa kwenye kibanda. Ya pili ni kiangazi. Maji yakipungua, wenye mashamba ya juu wanasema wameachia ya kutosha, wa chini wanasema hawaoni kitu, na kila mtu anaonyesha kwa mkono kwamba jana yalifika hapa. Mkutano wa mwisho nusura watu washikane mashati.

Kikundi kina akiba ya shilingi milioni tatu. Muuzaji mmoja wa Kampala ametuonyesha kihisi cha mawimbi ya sauti chenye sola na laini ya simu. Kinafungwa darajani na kinatuma meseji kila baada ya robo saa. Bei yake inamaliza akiba yote. Wazee wetu wanasema tupige tu mti mtoni, tuuchore alama, basi. Nani amefanya kazi hii? Kipi kinafaa, na kifungwe wapi? Naomba majibu ya mtu aliyevishika vifaa hivi kwa mikono yake.

mvuvi_majanji (Busia)

Mimi niko Ziwa Victoria upande wetu wa Busia. Nasikia siku hizi ziwa linapimwa kwa satelaiti na namba zinawekwa bure mtandaoni. Kwa nini msitumie hizo mkaacha kununua kitu?

mama_wa_geji (Jinja)

Katibu, salamu kutoka Jinja. Nimestaafu sasa, ila maisha yangu yote ya kazi yalikuwa kwenye geji za maji: kuzisimika, kuzikagua, kufundisha wasomaji wa vijijini. Nitakujibu kwa urefu, nivumilie.

Kabla ya kuuliza kifaa gani, uliza sifuri yenu itakuwa wapi. Kifaa chochote, kiwe mti wenye alama au rada ya mamilioni, kinakupa umbali kati ya uso wa maji na kitu fulani kisichosogea. Hicho kitu kikisogea, namba zote ulizoandika nyuma hazina kazi tena. Na mti uliopigwa kwenye matope ya Manafwa utasogea tu. Utainama kidogo, utazama kidogo, gogo litaugonga, mtu atafungia ng'ombe. Mwakani utasoma sentimita 80 na hutajua kama ni 80 ile ile ya mwaka huu.

Nikupe mfano wa hapa kwetu. Kimo cha Ziwa Victoria kinaandikwa tangu 1896. Mei 1964 lilifika mita 13.41 kwenye geji ya Jinja, na rekodi hiyo ikakaa miaka na miaka. Mei 2020 Wizara ya Maji na Mazingira ikatangaza mita 13.42. Sentimita moja! Katikati yake ni miaka 56, mabati ya geji yamechakaa na kubadilishwa, wasomaji wameondoka wakaja wengine, na bado tunaweza kusema maji yamepita pale pa zamani kwa upana wa ukucha. Kama sifuri isingefungwa kwenye alama za nchi kavu na kuhamishwa kwa kupimwa, ulinganisho huo ungekuwa maneno ya barazani. Na hizo mita 13 si kina cha ziwa, maana penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80. Ni urefu wa maji juu ya sifuri ya Jinja, na sifuri yenyewe iko karibu mita 1,123 juu ya usawa wa bahari. Tangu enzi za kujengwa bwawa la Owen Falls hapa Jinja kulikuwa na makubaliano kwamba maji yanayoachiwa kwenda Nile yafuate kimo hicho. Kwa hiyo msomaji wa Jinja akiandika vibaya, kosa lake linaweza kusafiri mbali.

Sasa njoo Manafwa. Mna daraja la zege, na daraja ni mali. Ukuta wake wa kando hauzami kwenye matope. Geji yenyewe ni bati la enameli la mita moja, limegawanywa sentimita kwa sentimita kwa michoro inayofanana na herufi E, ili mtu aone vizuri hata akiwa mbali. Yanaunganishwa moja juu ya jingine. Mkikosa hayo, chukueni chuma cha pembe, fundi apige mistari kwa tindo, kisha pakeni rangi ya mafuta nyeusi na nyeupe. Rangi ikifutika, mistari ya tindo inabaki. Msiifunge usoni mwa nguzo inayoelekea maji yanakotoka, kwa sababu pale maji hujaa na kupanda, wala mgongoni mwake, ambako hushuka na kuzunguka. Tafuteni ukuta wa kando penye maji matulivu.

Sifuri iwekeni chini ya maji machache kabisa ambayo mzee wa kijiji anayakumbuka, tena mzidishe nusu mita. Hamtaki kufika mahali pa kuandika namba ya kutoa, maana hapo ndipo madaftari huharibika.

Halafu alama za kudumu. Jengeni tatu nchi kavu, mahali maji hayafiki: shimo, zege, na nondo yenye kichwa cha mviringo iliyojitokeza kidogo. Tatu, kwa sababu zikiwa mbili na moja ikasogea hutajua ni ipi. Kuhamisha kimo kutoka alama hadi geji hakuhitaji mashine ya mpimaji wa ardhi. Mwashi yeyote ana mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Ujazeni, mtoe mapovu yote, mtu mmoja ashike ncha kwenye alama na mwingine kwenye geji, na maji yatasimama usawa mmoja pande zote mbili. Mkisubiri yatulie kabisa, mtapata usahihi wa nusu sentimita. Rudieni kila baada ya mafuriko makubwa.

Kusoma nako kuna adabu yake. Saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni, kila siku, hata kama mto haujabadilika. Mafuriko yakianza, kila saa. Jicho liwe usawa wa maji, usisome umesimama juu ya daraja huku ukiinama. Maji hupanda kidogo pale yanapogusana na bati, kwa hiyo soma usawa wa uso wenyewe, si ule ukingo uliopanda. Kukiwa na mawimbi, tazama yanapofika juu na yanaposhuka chini, chukua katikati. Andika hapo hapo kwa wino, saa na namba. Ukikosea, piga mstari mmoja uandike pembeni, usifute.

Na mlipeni msomaji. Nasema hili kwa uzito wote. Nimeona madaftari ambayo mto umesimama 1.20 wiki nzima katikati ya masika, kisha siku ya ukaguzi umeruka 2.05. Huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama wa watoto ambaye malipo yake yalikwama ofisini miezi mingi, akachoka kutembea hadi mtoni. Kifaa chenu cha thamani kuliko vyote ni yule mtu wa saa tatu asubuhi.

Tatizo lako la maji kupanda usiku lina dawa ya bei ndogo. Chukua bomba la PVC la inchi mbili, lifunge wima kando ya geji. Chini toboa matundu madogo, juu weka kifuniko chenye tundu la hewa. Ndani simamisha fito iliyonyooka, na chini kabisa mwaga unga wa kizibo, vile vizibo vya chupa za mvinyo ukivisaga kwa msasa. Maji yakipanda unga unaelea ndani ya bomba, yakishuka unabaki umenata kwenye fito pale yalipofika juu kabisa. Asubuhi unafungua, unapima, unaifuta fito na kuirudisha. Hilo halitakuamsha usiku, lakini baada ya misimu kadhaa utajua kila furiko lilifika wapi, na utajua kibanda cha mbolea kinatakiwa kujengwa juu ya mstari gani.

fundi_mbale

Mama shikamoo. Kaka wa Majanji, nianze na wewe kwa kifupi: satelaiti zinapima ziwa vizuri tangu ile iitwayo TOPEX/Poseidon iliporushwa 1992, lakini satelaiti ile ilikuwa inarudi juu ya mstari ule ule kila baada ya siku kumi hivi. Ziwa halina haraka. Manafwa inapanda na kushuka ndani ya usiku mmoja.

Katibu, mimi natengeneza vifaa vya elektroniki, kwa hiyo ungetegemea niseme nunua. Sisemi hivyo, angalau si hicho, na si sasa.

Kihisi cha sauti kinatoa mlio usiosikika kwa sikio, kinasubiri mwangwi urudi kutoka kwenye maji, kisha kinapiga hesabu ya umbali kwa muda uliopita. Hesabu hiyo inategemea mwendo wa sauti, na mwendo wa sauti unabadilika na joto: karibu mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Alfajiri yenu ni nyuzi 17, mchana 31. Kikiwa mita 4 juu ya maji bila kurekebisha joto, kitakuonyesha mto umepanda karibu sentimita 10 wakati haujasogea kabisa. Wauzaji watakwambia kina kipimajoto ndani. Ni kweli, vingi vinacho, lakini kipimajoto hicho kimo ndani ya boksi linalopigwa na jua, kinasoma joto la boksi badala ya la hewa iliyo kati ya boksi na maji. Kiwekee angalau kivuli cha bati jeupe lenye nafasi ya upepo.

Yapo na mengine. Mlio unatoka ukitanuka kadiri unavyoshuka, kwa hiyo ukikifunga karibu na nguzo kitapima nguzo. Povu, magugu na matawi yanayoelea yanarudisha mwangwi mbovu au hayarudishi chochote. Vile vya bei ya chini havioni kitu kilicho karibu, sentimita 20 au 25 za kwanza. Yaani furiko likifikia kihisi chenyewe, saa ile unayokihitaji kuliko zote, kinaanza kutoa upuuzi. Na buibui wanapenda sana ule mdomo wake.

Aina ya pili ni ya kuzamishwa majini, inayopima uzito wa maji juu yake. Kila sentimita moja ya maji ni kama hektopaskali moja, yaani kipimo cha mgandamizo. Ni nzuri, povu na magugu haviisumbui. Lakini hewa nayo ina uzito. Huku kwetu karibu na ikweta mgandamizo wa hewa unapanda kila siku mpaka kama saa nne asubuhi, unashuka mpaka saa kumi jioni, tofauti ya hektopaskali 3 hivi. Kifaa kisichoondoa uzito wa hewa kitakuchorea mto unaopungua sentimita 3 kila alasiri. Ndiyo maana kebo ya vile vizuri ina kijibomba chembamba ndani kinachofika hadi juu hewani, na mwisho wake kuna chembechembe za kunyonya unyevu ambazo lazima zibadilishwe. Zikilowa, maji yanaingia kwenye kijibomba na kazi imekwisha.

Rada, inayotumia mawimbi ya redio badala ya sauti, ndiyo bora. Joto la hewa haliisumbui, haigusi maji, inafungwa darajani. Bei yake sasa mtaikopea.

Ushauri wangu: anzeni kama Mama alivyosema. Mkishakuwa na geji na daftari la msimu mzima, njooni na kihisi, kwa sababu hapo mtaweza kukikagua. Kihisi bila geji pembeni hakuna mtu anayeweza kukwambia kinasema kweli au uongo. Na kabla ya kutoa hela, mwulizeni muuzaji maswali haya mbele ya mashahidi: kinarekebisha vipi joto? Betri inadumu siku ngapi bila jua? Laini ikikosa mtandao, namba zinahifadhiwa ndani au zinapotea? Nani atakuja kukitengeneza, na kwa nauli ya nani?

Ila Mama, kwa heshima zote, kuna mahali natofautiana nawe. Msomaji analala. Furiko la saa nane usiku halimsubiri. Kwa kuokoa watu, siku moja watahitaji kitu kinachopiga kelele chenyewe.

mama_wa_geji (Jinja)

Marahaba mwanangu. Hilo sikupingi. Lakini kelele ya kwanza inaweza kuwa simu. Katibu, tafuta mtu juu kabisa ya mto, karibu na mlima, mwenye geji yake na simu yake. Maji yakivuka mstari mwekundu mliokubaliana, anapiga. Kila furiko mwandike saa lilipofika kileleni kwake na saa lilipofika kileleni kwenu. Baada ya mafuriko machache mtajua mna muda gani wa kutoa mbuzi na mbolea. Hata kihisi mkikinunua, pahali pake ni huko juu, si hapo mlangoni penu ambapo meseji itafika pamoja na maji.

kilembe_chini (Kasese)

Nachangia kutoka Kasese, sisi tunaokaa kando ya Nyamwamba. Mto wetu hauji na maji tu, unakuja na mawe makubwa kama magari. Mafuriko ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020 hayakuacha kitu mtoni. Geji iliyosimama ndani ya maji kwetu haimalizi masika, na kifaa cha kuzamisha ndiyo kabisa.

Tunachofanya: kuna alama ya rangi na tindo juu ya ukingo wa daraja. Tumeipima, tunajua iko mita ngapi juu ya sifuri tuliyochagua. Tuna tepu ya chuma yenye kipande cha risasi ya kuzamishia nyavu mwishoni, na sifuri ya tepu ni chini ya ile risasi. Unaishusha taratibu mpaka iguse uso wa maji, unaona kabisa vile inavyoanza kukata mistari miwili ya mawimbi, hapo unasoma. Alama ikiwa mita 6.00 juu ya sifuri na tepu ikisoma 4.35, mto uko 1.65. Hakuna kitu kilichobaki mtoni cha kuchukuliwa. Kwenye upepo tepu inapinda na utasoma mbali kuliko kweli, kwa hiyo uzito usiwe mdogo.

Kitu kingine, Katibu. Msichanganye kina na kimo. Manafwa si ndiko wanakochimba mchanga? Basi msipime kutoka chini. Sakafu ya mto wenu inachimbwa leo na kujazwa kesho. Pimeni kutoka juu.

katibu_mpunga (Butaleja)

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Ndiyo, wachimba mchanga wapo juu na chini ya daraja, malori yanapakia kila siku.

Nina maswali. Daraja ni la serikali, je, tunaweza kulitoboa tu? Na ule ugomvi wa kiangazi: nikiweka geji kwenye mfereji, watakubali kwamba kimo kikiwa nusu basi maji ni nusu? Maana wenye mashamba ya juu wanapendekeza tugawane hivyo, kwa sentimita.

mama_wa_geji (Jinja)

Msitoboe bila ruhusa. Nendeni kwa mhandisi wa wilaya na ofisi ya maji ya wilaya, na barua yenye mhuri wa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa. Waambieni mnataka kupima mto na mtawapa nakala za daftari. Ofisi yoyote ya maji inayojua kazi yake inatamani namba za mto, haitawafukuza. Na huenda kuna alama ya vipimo ya zamani karibu na daraja hilo ambayo wanaijua, itawapunguzia kazi. Wakikataa, tumieni tepu kama wa Kasese, ile haitoboi chochote.

Sasa mfereji. Hapana, msigawane kwa sentimita! Hapo wa chini wataibiwa bila mwizi kuonekana, na wenye mashamba ya juu wataamini kabisa kwamba wametenda haki.

Mwambieni fundi wa kuchomelea akate bamba la chuma liwe na mlango wa umbo la V, pembe ya nyuzi 90 kamili, na kingo zake zichongwe ziwe kali. Lisimamisheni kukinga mfereji, mkandike udongo wa mfinyanzi pande zote maji yasipenye pembeni, na lipimwe kwa pimamaji lisiinamie upande. Maji yote yapite kwenye V na yaanguke huru upande wa pili, yasikutane na maji yaliyojaa chini. Geji ndogo isikae kwenye bamba lenyewe, kwa sababu maji hujikunja na kushuka yanapokaribia mlango. Irudisheni nyuma mita moja na nusu hivi, na sifuri yake iwe sawasawa na ncha ya chini ya V. Tumieni mpira wa mwashi tena.

Sasa tazama hesabu. Kimo kikiwa sentimita 10, yanapita kama lita 4 na nusu kwa sekunde. Kikiwa sentimita 20, ni lita 25 hivi. Kikiwa 30, ni lita 68. Umezidisha kimo mara mbili, maji yamezidi zaidi ya mara tano. Kwa hiyo mtu wa juu akisema nimekuachia nusu, sentimita 10 kati ya 20, ukweli ni kwamba amekuachia chini ya moja ya tano. Chapisheni jedwali hilo kwenye kibao, sentimita kwa sentimita, mlipigilie pale pale kwenye mlango ambapo kila mtu analiona. Kila tawi la mfereji liwe na V yake. Gawaneni lita, au gawaneni saa za zamu huku kimo kikisomwa, vyote viwili vinafanya kazi.

Mchanga utajaa nyuma ya bamba. Ukijaa hadi kukaribia ncha ya V, namba hazifai tena. Wekeni zamu ya kuzoa kila Jumamosi.

tororo_visima

Samahani kwa kudandia. Sisi tuna kisima kirefu chenye pampu ya mkono ya U2, kiangazi kinatoa maji kwa shida. Tunajuaje kama maji yameshuka chini au ni pampu?

fundi_mbale

Kuna tepu ndefu yenye kichwa cha chuma na betri kwenye rola. Kichwa kikigusa maji, umeme unapita, taa inawaka na kengele inalia, unasoma mita kwenye tepu. Pimeni alfajiri kabla mtu hajapampu, maana ukipampu maji ndani ya kisima hushuka na huchukua muda kurudi. Pimeni daima kutoka sehemu ile ile ya mdomo wa bomba, mkaipige rangi. Fundi wa pampu atafungua kichwa cha pampu kupata nafasi ya kupitisha, msijaribu wenyewe. Maji yakiwa pale pale pa mwaka jana, tazameni vikombe vya ngozi au vya mpira ndani ya pampu, na viungio vya mabomba.

katibu_mpunga (Butaleja)

Nimeyasoma yote kwa sauti mbele ya kamati jana. Tumekubaliana hivi: muuzaji tumemwambia asubiri. Barua ya wilaya inapelekwa Jumatatu. Bamba mbili za V zinakatwa mjini Mbale wiki hii, kwa sababu kiangazi hakiko mbali, na alama tatu za zege tunaanza kuchimba. Msomaji tumempata, ni binti wa jirani na daraja aliyemaliza shule, na malipo yake yameandikwa kwenye bajeti ya kikundi kabla ya kitu kingine chochote. Kwa mtu wa juu ya mto, kuna shemeji ya mwenyekiti wetu anayekaa upande wa Bududa, tunamfuata.

Mama, swali la mwisho: vimo vya alama tatu nikishavipata, naviandika wapi?

mama_wa_geji (Jinja)

Ukurasa wa kwanza wa kila daftari jipya, bila kuacha hata moja. Chora na ramani ndogo: alama iko hatua ngapi kutoka kona ipi ya daraja, upande gani wa barabara, karibu na nini. Usitaje mti, miti inakatwa. Nakala moja ipeleke ofisi ya maji ya wilaya, nyingine ikae kwa mwenyekiti. Na siku ya kuhamisha kimo mpigie yule binti aje ashike ncha moja ya mpira.